Mwaka wangu na dawa za mifupa za Kichina

Nina miaka 57, nauza mapazia Kariakoo, na mzigo naufuata mwenyewe Guangzhou. Mwaka juzi niliteleza bafuni, nikajikinga kwa mkono wa kushoto, kifundo kikavunjika. Anguko dogo tu! Nilipopimwa uzito wa mifupa, uti wa mgongo ulisoma -2.7. Ikifika -2.5 kushuka chini, hiyo ni osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi na kuvunjika kirahisi. Niliandikiwa alendronate, kidonge cha hospitali cha kuimarisha mifupa, lakini nilishasikia inaunguza koo, nikaogopa.

Safari iliyofuata nilipelekwa kwa tabibu mmoja mzee karibu na soko la Qingping. Alinishika mapigo mikono yote miwili, akatazama ulimi, akauliza kama kiuno kinapata baridi. Kwa elimu yao figo ndiyo inayotawala mifupa, kwa hiyo mfupa ukidhoofu wanaanza na figo. Nilipewa pakiti za duzhong, gome la mti ambalo ukilivunja hutoa nyuzi nyeupe zinazovutika kama ulimbo. Gusuibu, mzizi wa kangaga, jina lenye maana ya kuunga mfupa uliovunjika. Na majani makavu ya yinyanghuo. Unaloweka nusu saa, unachemsha mara mbili kwenye chungu cha udongo, unachanganya maji yote, kisha nusu asubuhi, nusu jioni, yakiwa vuguvugu. Ni chungu kweli, na ina ladha ya udongo inayobaki mdomoni.

Baada ya miezi miwili mgongo uliacha kuniuma, nikawa nasimama dukani kutwa. Hilo nalisema kwa moyo mweupe.

Pakiti zilipoisha, duka moja liliniuzia vidonge, nikaambiwa ni dawa ileile. Wiki ya sita hamu ya kula ikakata, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Wifi yangu ndiye aliyeniambia, "Dada, mbona macho ya manjano?" Ini lilikuwa limeumia. Vidonge vile vilikuwa na buguzhi, mbegu inayojulikana kudhuru ini kwa baadhi ya watu. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya China yenyewe ilitoa tahadhari juu ya dawa ya mifupa yenye mbegu hiyo. Muuzaji hakunigusia hata neno, na bado inaniuma. Daktari akanisimamishia kila kitu, hata za kuchemsha, kwa sababu yinyanghuo nayo imewahi kushukiwa. Ini lilichukua miezi miwili kutulia.

Nilipopimwa tena mifupa baada ya mwaka, ilikuwa -2.7 ileile. Maumivu yalipungua, mfupa haukuongezeka, na mimi nilichokuwa natibu ni mfupa.

Sasa natumia alendronate, miligramu 70 kila Jumapili kabla ya kula chochote, na glasi nzima ya maji, kisha nakaa wima nusu saa. Koo halijaungua. Mama zangu mnaotaka kujaribu za Kichina, pimeni ini kabla na katikati ya dozi, na mwambieni daktari wenu. Kwenye boksi tafuteni herufi hizi: 补骨脂. Ndiyo buguzhi.