Valsi ya Dakika ya Chopin: Mtihani Uko Mkono wa Kushoto

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua valsi (dansi ya mipigo mitatu) ya piano ya mtunzi Chopin, Op. 64 Na. 1, ile inayojulikana kama Valsi ya Dakika. Ilichapishwa mwaka 1847, miaka 2 kabla Chopin hajafariki, na ilitunukiwa mwanafunzi wake, Delfina Potocka. Jina hilo la dakika hakulitoa yeye. Kwenye noti aliandika Molto vivace, yaani kwa uchangamfu mwingi, basi. Kwa hiyo achaneni na mbio za kuimaliza kwa sekunde 60: mpigaji mzuri hutumia dakika 1 na nusu, hata kukaribia 2, na dansi inabaki dansi.

Fleti tano za ufunguo wa valsi hii, D fleti meja, zisikutishe. Ufunguo huu unaukaa mkono vizuri kwa sababu vidole virefu vinatua kwenye vitufe vyeusi. Chopin mwenyewe aliwaanzishia wanafunzi wake skeli ya B meja kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tazama mwanzo. Mkono wa kulia uko peke yake, unazungusha noti nne: G, A fleti, C, B fleti. Bari, yaani kipimo kimoja cha mipigo mitatu, ina noti sita za nusu mpigo, kundi lina nne, kwa hiyo G inaangukia mahali tofauti kila mara. Utamu wote uko hapo! Ukikandamiza kila G, valsi inapotea na msikilizaji anaanza kuhesabu mbili mbili. Tumia vidole 1-2-4-3 (1 ni kidole gumba), sauti iwe sawa, na pedali usiiguse kabisa.

Kushoto kunapoingia, ndiko wengi wanakoangukia. Besi, noti ya chini, mpigo wa kwanza; kodi, noti kadhaa zinazopigwa pamoja, mpigo wa pili na wa tatu. Kosa kubwa ni kupiga kodi kwa nguvu ile ile ya besi, hapo mkono wa kulia unazama. La pili ni kuchelewa kuruka. Fanya hivi: piga besi, ruka mara moja, kaa juu ya kodi bila kuibonyeza, hakikisha vidole vyote viko mahali pake, ndipo upige. Taratibu mno, kushoto peke yake, mpaka macho yasihitajike. Pedali ibonyeze kwenye besi, iachie kabla ya mpigo wa tatu. Ukiivusha hadi bari inayofuata, kodi zinachanganyika.

Metronomu, kifaa cha kuhesabu mipigo kwa dakika, anza na 88 kwa kila mpigo. Ukitulia, igeuze ihesabu bari nzima: 50, halafu 60, halafu 72. Ikifika 80 inatosha kabisa.

Sehemu ya kati, Sostenuto (yaani ya kuvuta sauti), iimbishe. Si ruhusa ya kulala, maana kushoto bado kunacheza. Baadaye kuna trili ndefu ya A fleti, yaani noti hiyo na jirani yake zikipokezana haraka: anza polepole, kiganja kikiwa legevu, uongeze kasi kidogo kidogo hadi wimbo wa mwanzo urudi. Ukianza kwa kasi yote, mkono unakaza na unaingia mwanzo umechoka.

Kuhusu kitabu, chukua toleo la urtext, yaani linalofuata maandishi ya mtunzi bila nyongeza za wahariri. Matoleo mengi ya zamani ni ya bure, lakini wahariri waliongeza alama zao za pedali na za kuunganisha noti, na huwezi kujua ipi ni ya Chopin. Ukibaki na la zamani, la Mikuli lina uzito wake, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wake. Namba za vidole zilizochapwa zijaribu kwanza kwa mkono wako. Zisipokaa, futa uandike zako kwa penseli.