Kununua Vyakula Mtandaoni Kampala: Nafuu Ipo, Ila Si kwa Kila Kitu

Anayenunua vyakula mtandaoni hapa Kampala kwa nia ya kupunguza matumizi atafanikiwa iwapo atanunua vitu vikavu na vizito, kwa pamoja, na kwa kupanga mapema. Anayeagiza nyanya na vitunguu jioni kwa ajili ya mboga ya usiku huohuo atalipa zaidi ya jirani yake aliyetembea hadi kwenye kibanda cha mtaani. Huo ndio uamuzi niliofikia baada ya kuzitegemea huduma hizi kwa muda mrefu katika kulisha nyumba yenye watu wengi, na nitaueleza kwa kirefu kwa sababu matangazo yanazungumzia unafuu kana kwamba mchele, samaki na dodo (mchicha) ni bidhaa ya aina moja. Kuhusu wingi wa aina za vyakula nina sifa nyingi zaidi za kutoa, ingawa hazihusu sana makopo ya kutoka ng'ambo ambayo watu wengi huyafikiria kwanza.

Njia zilizopo ni tatu. Kuna supamaketi kubwa, kama Carrefour, ambayo mwaka 2021 ilichukua maduka yaliyoachwa na Shoprite ilipoondoka Uganda, na ambayo bidhaa zake huweza kuagizwa kwa simu. Kuna programu za usafirishaji, kama Glovo, ambazo hazimiliki duka la jirani yako bali humtuma mpanda pikipiki akuchukulie ulichochagua. Njia ya tatu ni ya wauzaji wa sokoni na wafanyabiashara wadogo wanaopokea oda kwa WhatsApp na kulipwa kwa pesa za simu. Njia hii ilipata nguvu mwaka 2020, wakati wa vizuizi vya korona, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilipoungana na Jumia kuwafikisha wauzaji wa masoko kama Nakasero, Nakawa na Wandegeya kwa wateja waliokuwa wamefungiwa majumbani. Mwishoni mwa mwaka 2023 Jumia ilifunga huduma yake ya kupeleka chakula katika nchi zote saba ilikokuwa ikiendeshwa, Uganda ikiwemo. Hata hivyo, wauzaji ninaowafahamu waliokuwa wamezoea kupiga picha bidhaa zao asubuhi na kuzituma kwa wateja hawakuiacha kazi hiyo, na binafsi ndio ninaowategemea zaidi.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazowavuta wengi. Bei inayoonekana kwenye kioo cha simu si bei utakayolipa. Juu yake huja gharama ya kupeleka, ambayo kwa kawaida hupanda kadiri umbali unavyoongezeka, kisha ada ya huduma, na mara nyingine nyongeza inayotozwa kwa sababu oda yako ni ndogo. Aidha, programu nyingi hutoza duka kamisheni, na duka lisilotaka kupata hasara huipandisha bei ya bidhaa kwenye programu hata kama bei iliyobandikwa rafuni haijabadilika. Ndiyo maana nawasihi wasomaji wagawanye ada zote kwa uzito wa walichonunua kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa. Tuseme ada zote zimefika shilingi 5,000. Ukiwa umeagiza kilo mbili za mchele, kila kilo imeongezeka shilingi 2,500, na hapo hakuna nafuu yoyote ya kuzungumzia. Ukiwa umeagiza gunia la kilo 25, nyongeza ni shilingi 200 tu kwa kilo, kiasi ambacho bei ya jumla huweza kukifidia chote na kubakisha akiba.

Upande wa pili wa hesabu husahaulika mara nyingi, nao ni gharama ya kwenda mwenyewe. Mtu anayetoka Kyaliwajjala au Kajjansi kwenda masoko ya Owino au Kalerwe analipa nauli ya taksi (daladala), anamlipa mchukuzi sokoni, na kurudi na gunia hulazimika kukodi boda au gari, mbali na saa zinazopotea kwenye foleni ya barabarani. Kwa mzigo mzito, gharama hizo huzidi ada ya programu kwa urahisi. Kwa kilo moja ya nyanya hazihusiki kabisa, maana nyanya zipo mlangoni.

Kuna namna nyingine ya kuokoa fedha ambayo naithamini hata kuliko bei yenyewe: mtandaoni bidhaa huuzwa kwa kilo na lita, na bei za maduka mawili au matatu huweza kuwekwa pamoja bila mtu kukushika mkono na kukuharakisha. Sokoni viazi huuzwa kwa fungu, mahindi kwa debe, matoke kwa mkungu, na hakuna mafungu mawili yanayolingana. Mnunuzi mzoefu ananufaika na utaratibu huo, kwa kuwa anajua kukadiria kwa macho, anajua kupatana, na mwishoni hutiwa nyongeza ya vitunguu viwili au pilipili kadhaa kwa sababu ni mteja wa siku zote. Kijana aliyeanza maisha juzi, au mgeni aliyehamia Kampala kutoka Goma au Mwanza, hana silaha hizo, na kwake bei iliyoandikwa ni kinga ya kweli. Nyongeza, bila shaka, hataipata mtandaoni.

Katika malipo, pesa za simu zina faida moja ndogo isiyosemwa sana. Serikali hutoza asilimia 0.5 kwa fedha zinazotolewa kwa wakala, na anayemlipa muuzaji moja kwa moja kutoka kwenye simu hajatoa fedha taslimu, kwa hiyo tozo hiyo haimgusi. Gharama ya intaneti nayo ihesabiwe: tangu Julai 2021 data inatozwa kodi ya asilimia 12, na kuperuzi picha za bidhaa kwa saa nzima si jambo la bure.

Sasa nije kwenye aina za vyakula, ambako huduma hizi zimebadilisha kabisa meza yetu nyumbani. Supamaketi zina jibini, tambi na siki za kila namna, na anayezihitaji atazipata. Lakini utajiri wa Uganda uko katika tofauti za mikoa yake, na kabla ya simu tofauti hizo zilifika Kampala kwa bahati, kwenye mfuko wa ndugu aliyetoka kijijini. Leo mfanyabiashara wa Mbale anatuma picha ya malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kutoka mitelemko ya Mlima Elgon, na baada ya muda mfupi yanapikwa kwa karanga za kusaga jikoni Kibuli. Odii ya Acholi, ile karanga iliyosagwa pamoja na ufuta, inapatikana kwa wanawake wanaoisaga kwa oda badala ya kuiacha ikae rafuni. Samli ya Ankole, asali ya West Nile na ulezi wa Teso huuzwa na watu wanaojua ulikotoka mzigo wao na wanaoweza kukueleza umevunwa lini. Msimu wa senene unapofika, hasa Novemba, mteja huweza kuweka oda kabla hawajawasili mjini.

Mchele ni mfano ninaoupenda zaidi. Katika duka la mtaani utaambiwa kuna wa kawaida na kuna "super", basi. Mtandaoni nimeweza kuchagua kati ya mchele wa Kibimba wilayani Bugiri, ule wa Doho wilayani Butaleja, wa Tanzania na wa Pakistan, kila mmoja ukiwa na bei yake, na nikajua upi unafaa pilau na upi unafaa uji wa watoto. Maharagwe vilevile: mbali na nambale na yale ya njano, nimepata mbegu zilizoboreshwa na watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, ili ziwe na madini mengi ya chuma, ambazo sikuwahi kuziona zikiuzwa kwa jina lake sokoni. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinavyosifiwa kwa vitamini A, navyo huagizwa hivyohivyo.

Sisi tunaopika kwa mapishi ya pwani tukiwa mbali na bahari tumepata ahueni ya pekee. Nazi haioti Kampala kwa kiasi cha kutosheleza mtu, na ukwaju mzuri, iliki isiyopauka na tende za Ramadhani zilikuwa zikitafutwa duka hadi duka Old Kampala. Wafanyabiashara wanaozileta kutoka Mombasa na Dar es Salaam sasa hutangaza mzigo unapoingia, na mpishi wa biriani anaagiza vyote kwa mara moja badala ya kuzunguka mji mzima.

Ubora ndipo ninapotoa alama za chini. Kitu kibichi kinahitaji kuguswa na kunuswa. Parachichi haliwezi kubonyezwa kupitia kioo, na mtu anayechaguliwa na programu kukuchukulia mboga hana sababu kubwa ya kuchambua majani yaliyonyauka. Samaki wabichi siwaagizi kwa pikipiki mchana wa jua kali, isipokuwa kwa muuzaji mwenye sanduku la barafu ninayemfahamu. Mayai katika trei la 30 husalimika zaidi kuliko nilivyotarajia, na hilo ni sifa kwa vijana wa boda, ambao wengi wao hufunga mzigo kwa uangalifu mkubwa.

Kwa unga wa mahindi na karanga, tahadhari inapaswa kuwa ya juu zaidi, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo. Unga unaouzwa mtandaoni katika mfuko usio na jina la msagaji, bila alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda, uachwe hata kama bei yake inavutia. Picha ya mbele ya mfuko haitoshi. Mwombe muuzaji apige picha ya upande wenye alama na tarehe, na akikataa, tafuta mwingine.

Malalamiko yangu makubwa ni juu ya kubadilishiwa bidhaa. Huduma mojawapo iliniletea mafuta ya kupikia ya aina nyingine, ya bei ya juu, bila kuniuliza, na nilipodai fedha zangu nikarudishiwa thamani ya kununulia humohumo kwenye programu badala ya fedha kwenye simu. Huo si utaratibu wa haki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao amwonyeshe mnunuzi jina na anwani yake, maelezo ya bidhaa, na bei kamili pamoja na gharama ya usafirishaji na kodi, na mnunuzi ana haki ya kuyataka hayo yote kabla ya kulipa. Nawashauri watu wachague mpangilio wa kupigiwa simu bidhaa inapokosekana, na mzigo ukaguliwe mbele ya aliyeuleta, huku tukikumbuka kwamba yeye siye aliyekosea dukani.

Kufikishiwa mzigo kunategemea maelezo yako. Nyumba nyingi za Kampala hazitambuliki kwa namba, na alama ya ramani huweza kuangukia ng'ambo ya bonde. Andika msikiti, shule au stegi ya boda iliyo karibu, na uwe tayari kupokea simu. Programu zenyewe ziko kwa Kiingereza, na wauzaji wa WhatsApp huandika majina yaliyozoeleka sokoni, kwa hiyo anayetafuta dagaa aandike "mukene", anayetaka sato aandike "ngege", na unga wa ugali autafute kwa jina la "posho", la sivyo ataambiwa hakuna wakati ghala limejaa.

Kwa walio nje ya Kampala, programu hazina msaada mkubwa, lakini basi lina. Muuzaji wa Arua au Kisoro anaweza kukabidhi gunia kwa ofisi ya vifurushi ya basi, nawe ukalichukua kwenye vituo vya mabasi vya Kampala, Arua Park au Namayiba, kwa stakabadhi, na njia hiyo hufanya kazi vivyo hivyo kwa anayeishi Gulu akitaka mzigo wa Kampala. Kwa viazi vya Kabale na asali, hii ndiyo njia ninayoitumia, nikishirikiana na majirani wawili ili gharama ya basi igawanyike. Matoke, nyama na mboga za majani naendelea kuvinunua mwenyewe asubuhi, kwa watu ninaowajua kwa sura.