Treni ya SGR Dodoma–Dar es Salaam kwa jicho la mshauri elekezi

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, kazi ya ushauri elekezi, yaani kuajiriwa kwa mkataba kutoa utaalamu na kuandika ripoti, imegawanyika: mteja yuko wizarani Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ilhali wafadhili na wataalamu wengi wa fani wamebaki Dar es Salaam. Sisi wakazi wa Dodoma tulikuwa na ndege, ambayo miradi midogo haina bajeti yake, au basi, linalomaliza siku nzima kwa kwenda tu. Kwa hiyo treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya kisasa, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, naipima kwa kigezo ambacho matangazo hayakitaji: je, inamrudisha mtu kwake jioni?

Inamrudisha, kwa masharti. Safari huchukua takribani saa nne kwa treni inayoweza kufikia kilomita 160 kwa saa, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huduma ikianza ilikuwa shilingi 31,000. Anayeondoka asubuhi anaweza kuhudhuria kikao kimoja Dar es Salaam na kulala nyumbani. Nasisitiza kimoja, kwa kuwa anayejipangia viwili, kimoja Posta na kingine Mbezi, ataishia kulala hotelini kama zamani.

Faida kubwa zaidi, na ambayo sikuitarajia, ni uzito wa tiketi mbele ya mteja. Mshauri elekezi ni vigumu kusimama na kusema muda umekwisha. Mteja ndiye anayelipa, na hadidu za rejea, yaani orodha ya kazi zilizokubaliwa, zina tabia ya kunenepa kila kikao kinapokaribia kufungwa. Aliyekuja na gari lake huambiwa asubiri kidogo. Aliye na tiketi ya saa maalumu haambiwi hivyo, na hata mkurugenzi huharakisha ajenda bila kinyongo. Ndiyo maana nakata tiketi ya kurudi kabla ya mwaliko wa kikao kusambazwa, na saa ya kuondoka naitaja humo humo.

Hatari iko ndani ya behewa. Safari ni tulivu kiasi cha kuandika ripoti, na viongozi wa timu wameshaligundua hilo: saa nne za safari zinaanza kuhesabiwa kuwa saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini anayelipwa kwa kukabidhi ripoti hana wa kumhesabia. Mimi hufanya kazi wakati wa kwenda tu. Wakati wa kurudi kompyuta mpakato hubaki ndani ya begi. Mtandao wa simu unapopotea kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa, kwangu hiyo si kasoro hata kidogo.

Kasoro halisi ni za pembeni. Abiria hutakiwa kufika stesheni mapema, na muda huo, pamoja na teksi au bodaboda za miji yote miwili, uingizwe kwenye hesabu ya siku. Tiketi za Ijumaa jioni zinahitaji kukatwa mapema. Na kwa wenye kazi za uwandani Kondoa au Singida, bado ni basi au gari la mradi.