Kuuza Nyumba Kabla ya Kuhamia Ughaibuni, au Kuipangisha na Kuiuza Baadaye

Mkenya anayeuza nyumba aliyoikalia mwenyewe mfululizo kwa miaka 3 hadi wakati wa kuihamisha umiliki hatozwi kodi ya faida ya mtaji, yaani kodi ya faida inayopatikana kwa kuuza mali. Anayeipangisha akaenda kuishi London, kisha akaiuza baadaye, huupoteza msamaha huo, hata kama aliikalia miaka 20.

Tuseme nyumba ya Ruiru ilinunuliwa kwa shilingi milioni 8 na kuuzwa kwa milioni 14. Zikitolewa 500,000 za wakili, dalali na chumba kilichoongezwa, faida ni milioni 5.5; kwa kiwango cha asilimia 15, kilichochukua nafasi ya asilimia 5 tangu Januari 2023, kodi ni 825,000. (Stakabadhi ya fundi ikipotea, gharama yake ni vigumu kuithibitisha.) Zaidi ya hayo, Uingereza nayo kwa kawaida humtoza mkaazi wake kodi ya faida ya mali iliyo ng'ambo, ingawa hutambua kodi iliyokwisha kulipwa Kenya.

Kwa maoni yangu, kusubiri kunafaa pale tu ambapo kodi ya pango na kupanda kwa bei vinazidi waziwazi hizo 825,000, au mwenye nyumba anakusudia kurudi kuikalia.