Kisu cha zamani cha kukunja kwa kazi za ranchi: angalia bapa kwanza, jina baadaye

Malalamiko ninayoletewa yanafanana, mtu kaagiza kisu cha zamani mtandaoni, picha zinang'aa, kinafika na baada ya siku chache ncha imetoboa mfuko au imemchoma kidole akitafuta funguo. Alafu bado mnaniuliza kampuni gani na mpini wa nini, wakati shida ni bapa, yaani chuma chenyewe cha kukatia, lililoliwa na tupa, na wauzaji wengi hawaligusii kabisa.

Iko hivi. Kisu kikinolewa miaka na miaka makali yanarudi kuelekea mgongoni na ncha inaenda nayo, kwa hiyo ukikunja ile ncha haizami tena kwenye mpini, inachungulia. Kuna wanaotibu hii kwa kupiga tupa kile kinundu kidogo kwenye shina la bapa (pale linapoungana na mpini) kinachozuia bapa lisizame sana, ncha inashuka kweli lakini ukizidisha kidogo tu makali yanagonga springi kila ukifunga na yanafanya pengo. Basi omba picha ya ubavuni, kisu kimefungwa, mabapa yote ndani. Alafu nyingine ya bapa kubwa likiwa wazi, uone kama makali yamebonyea karibu na shina, maana hapo ndo tupa zilipopita sana. Kisu cha wafugaji cha mabapa matatu kina lile la kuhasia ndama ambalo mara nyingi halijaguswa kabisa, na muuzaji anapenda kukupigia picha hilohilo! Akikataa kufungua bapa kubwa, achana naye.

Namba moja kwangu ni Old Timer 8OT ya kampuni ya Kimarekani ya Schrade, na sibadilishi. Mabapa matatu, karibu inchi 4 kikifungwa, mpini wa plastiki ngumu ya kahawia usioogopa matope, chuma cha kaboni ambacho unakinoa kwenye jiwe lolote kikashika, kamba za marobota kinapita tu. Kitashika kutu ukikiacha na maji, futa na tone la mafuta, basi. Ila soma maandishi ya shinani, iandikwe Schrade U.S.A., kwa sababu kiwanda kilifungwa 2004 na jina likahamia kwenye visu vya China, na kuna watu wanaviuza hivyo kama vya zamani.

Pili ni kampuni ya Case. Kisu kizuri sana, na namba zake zinasomeka, kwa mfano 3318, 3 ya kwanza ni mpini wa njano, ya pili mabapa matatu, 18 ni umbo. Mwaka nao unajulikana, 1970 walianza na nukta kumi kwenye shina wakawa wanapunguza moja kila mwaka. Na hizo nukta ndo zimetuharibia, wakusanyaji wanapandisha bei kwa sababu ya nukta tu, kisu kinaishia kabatini wakati mtu mwenye ng'ombe hakipati. Inaniudhi kwelikweli.

Tatu Buck 301, chuma kisichoshika kutu, chukua kama mikono yako iko kwenye maji kutwa. Kunoa ni kazi zaidi.

Imperial za bei ya chini zenye mpini wa bati jembamba, hizo za kufungulia maboksi tu.

Kingine, wanaopitisha visu kwenye mashine ya kung'arisha wakuache kabisa. Wanakula chuma, herufi za shinani zinafifia, kona za bapa zinakuwa mviringo, na bapa likipata joto sana makali hayakai tena hata unoe vipi, alafu bei wanaongeza eti kimekuwa kipya. Kama herufi hazisomeki vizuri na bapa linang'aa kama kioo, mwambie akuletee kile kilichofubaa ambacho hajakigusa.