Komwe tatu mkononi: miezi saba kwenye mihadhara ya wazee Magomeni

Nimekuwa katibu muhtasi kwa miaka 31. Mihtasari ya vikao niliyoandika haina idadi: kwanza kwa hati mkato, baadaye kwa taipureta, mwisho kwa kompyuta. Katika vikao vyote hivyo sikumbuki kutoa hoja hata moja. Wenye hoja walikuwa wengine, mimi nilikuwa na kalamu. Naanza na hilo ili msomaji asishangae nikisifu huduma ambayo nusu yake siipendi.

Kila Jumatano saa 3 asubuhi, katika ukumbi mmoja Magomeni, wazee hukutana kusikiliza mada moja kwa muda wa saa nzima. Baada ya hapo ni chai, kisha tunagawanyika makundi ya watu saba au wanane kuijadili mada kwa nusu saa. Ukija siku moja unalipa Sh 2,000, ukilipia miezi mitatu ni Sh 20,000, na chai imo humo humo. Wanasema ni kwa waliotimiza miaka 60, lakini wapo waliostaafu kwa hiari wakiwa na 55 na hakuna aliyewaomba kitambulisho. Mimi nililetwa na jirani yangu wa mlango wa pili, aliyechoka kuniona nimekaa barazani nahesabu daladala.

Jambo la kwanza lililonichekesha ni salamu. Nina miaka 66, nimezoea kuitikia marahaba. Pale mlangoni nilikuta watu wanapimana kwa macho, kila mmoja akijiuliza amwamkie mwenzake au asubiri kuamkiwa. Bibi mmoja wa miaka 82 alinitazama mara moja tu akasema, "Karibu, binti." Nikapiga shikamoo haraka. Miaka mingi ilikuwa imepita sijaitwa binti.

Siku hiyo ya kwanza, tulipoingia kwenye makundi, kiongozi wetu, mwalimu mstaafu, alitoa kifuko cha kitambaa akatugawia komwe tatu tatu. Nikadhani tunaanza kucheza bao. Kumbe ndiyo sheria ya mjadala: kila ukisema unaweka komwe moja mezani, zikiisha unabaki kusikiliza. Wanaume wawili walimaliza zao kabla ya dakika kumi, wakakaa wanatafuna midomo kama watoto walionyang'anywa mpira. Mimi zangu nilizirudisha zote tatu, zimelowa jasho la kiganja. Mwalimu hakunisema. Alizifuta kwa leso, akazitia mfukoni.

Wiki tatu nilizirudisha hivyo hivyo.

Ya nne, mada ilikuwa utapeli wa simu. Aliyetoa mada ni kijana wakala wa miamala, hana shahada wala koti, lakini alijua anachosema. Alianza na ule ujumbe ambao kila mtu Tanzania ameshaupata: ile hela itume kwenye namba hii. Ukumbi mzima ukacheka. Akatueleza namna unavyofanya kazi. Mtumaji hakujui, anarusha kwa maelfu ya watu, akitegemea kumwangukia mmoja ambaye kweli saa hiyo alikuwa anataka kumtumia mtu kodi au ada. Akatwambia namba ya siri haina wa kutajiwa, hata anayejitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu. Na ukipata ujumbe kwamba umepokea pesa, usiuamini ujumbe, angalia salio.

Kwenye kundi, mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori aliweka komwe yake, akanyamaza kidogo. Halafu akasema alishapigiwa simu na mtu aliyemwita baba na kumtaja mwanawe kwa jina, akidai kijana amepata ajali na hospitali wanataka pesa kabla ya kumgusa. Zikaondoka Sh 640,000, pensheni aliyokuwa ameitoa siku hiyo hiyo. Mwanawe alikuwa kazini, mzima, anakula chakula cha mchana. "Watoto wangu hawajui mpaka leo," akasema. "Wakijua watanishikia simu."

Hakuna aliyecheka. Nikaona mkono wangu umeweka komwe mezani. Nikawaeleza ya kwangu: niliingiziwa ujumbe wa Sh 150,000, dakika mbili baadaye akapiga mama analia kuwa amekosea namba, ni pesa ya mazishi. Nikamrudishia. Nilirudisha pesa yangu mwenyewe, kwa kuwa ya kwake haikuwahi kuingia. Sikuwahi kumwambia mtu. Baada yangu ikafuata komwe nyingine, na nyingine. Kati yetu wanane, watano tulikuwa tumeshaibiwa, na wote watano tulikuwa tumeficha.

Saa nzima ya mada niliyajua karibu yote yaliyosemwa. Nusu saa ile ya mwisho ndiyo iliyonifanya nilipie miezi mitatu.

Mada zenyewe basi. Kuna nzuri na kuna za kupoteza muda. Ile ya presha ilikuwa nzuri na fupi: kaa umetulia dakika tano kabla ya kupimwa, usivuke mguu juu ya mguu, na kipimo kikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti usiseme ni uchovu. Ya mirathi ilinipita kidogo kwa kuwa mwanasheria alitaka kumaliza sheria ya serikali, mila na dini kwa pumzi moja. Nilichobaki nacho ni kwamba kwa Waislamu wosia hauvuki theluthi ya mali, na kwamba nusu ya ugomvi aliouona ulianza kwa sababu marehemu hakuandika kitu.

Ya historia ya Dar es Salaam alileta kijana wa chuo kikuu, na picha zake ukutani. Maskini, alidhani amekuja kufundisha. Alipofika kwa Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanza kuujenga mji miaka ya 1860, mzee wa Kizaramo akamuuliza na Mzizima je, kijiji kilichokuwapo kabla ya mji, kilikuwa hakina wenyewe? Alipofika Kariakoo na kusema jina limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, bibi wa miaka 82 akamwongezea mitaa mmoja mmoja. Huyo bibi mpaka kesho Mtaa wa Uhuru anauita Kichwele. Kijana alikuwa na akili: akazima mashine, akatoa daftari, akaanza kuandika.

Lakini mada bora kuliko zote ilitolewa na mwenzetu, mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi. Alizungumza dakika ishirini tu, hana picha. Aliazima kanga ya mama mmoja ikawa tanga, akatuonyesha jinsi kaskazi inavyoshusha vyombo kutoka Uarabuni kuanzia Desemba, jinsi kusi inavyovirudisha, na namna nahodha anavyokaa roho juu majira ya maleleji, upepo ukiwa haujaamua unakwenda wapi. Mwalimu wetu akasema ndivyo walivyofanya Waingereza. Wafaransa walianzisha chuo kikuu cha wazee pale Toulouse mwaka 1973 chini ya mabawa ya wasomi, Waingereza walipoichukua fikra hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaona wahadhiri wa nini, wanachama wafundishane. Nami nasema hivyo hivyo. Tuna humo ndani wakunga, mafundi saa, makondakta wa zamani. Kwa nini kila Jumatano tuletewe mtu mwenye kompyuta?

Hasa ukizingatia yaliyotokea mwezi wa tano wangu. Alikuja mtu aliyetambulishwa kama mtaalamu wa maumivu ya viungo. Robo saa ya kwanza ilikuwa magoti, zilizobaki zikawa unga wa kopo, Sh 85,000, unakunywa asubuhi na jioni. Kina mama wawili walinunua pale pale, mmoja kwa pesa ya kukopa. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda. Uongozi uliomba radhi Jumatano iliyofuata na kuweka sheria kwamba mtoa mada haingii na bidhaa. Sawa, lakini wale kina mama hawakurudishiwa kitu, na mmoja wao hajarudi.

Na hiyo chai. Inakuja kwenye chupa imeshakorogwa sukari, tena sukari ya harusini. Siku ya mada ya kisukari ilikuja vile vile, na maandazi juu yake. Nimeshalalamika mara mbili. Siku hizi nakwenda na kikombe changu na majani ya mchaichai, naomba maji ya moto. Choo kiko juu, ngazi kumi na nne, hakuna cha kushikilia pembeni. Nimezihesabu kwa magoti yangu. Maiki inapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia.

Kuna jingine linanikera na sina dawa yake. Nje ya geti kuna mama anakaanga vitumbua, ana miaka 63. Siku ya mada ya utapeli nilimwona amesogeza jiko karibu na dirisha. Karibu sote mle ndani ni wastaafu wa serikali na mashirika, wenye pensheni, walau kidogo. Mwenye kuishi kwa genge hawezi kufunga genge Jumatano asubuhi. Nilipendekeza angalau mara moja kwa mwezi tukutane jioni. Bado wanafikiria.

Marehemu mama yangu hakuwahi kusoma shule. Alisoma kisomo, kijijini Kisarawe, na mwaka 1973 nilipokuwa na miaka 14 akaingia kwenye kundi la Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni. Walikutana mara moja kwa wiki, majuma 12, chini ya mwembe wa jirani mwenye redio. Redio ilisema kidogo, kiongozi akasoma kijitabu, halafu wao wenyewe wakajadili na kuamua. Kampeni ile ilifikia karibu watu milioni 2 nchi nzima, lakini mimi ninachokumbuka ni mama anatoka mwembeni moja kwa moja na jembe, anachimba choo, anamgombeza baba kwamba azimio limeshapitishwa. Baba hakuwa kwenye kundi. Nadhani hilo ndilo lililomuuma.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa waandaaji: mada dakika thelathini, mjadala saa nzima. Mmegeuza juu chini.

Anayetaka kuja, shuka kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa, na usipande kabla ya saa 2 na nusu maana utasukumwa na wanaowahi kazini. Njoo na miwani. Usije na haraka ya kusema. Nyota nne kati ya tano. Ya tano wameinywa na ile sukari.

Jumatano iliyopita walitangaza kuwa katibu wa kikundi anahamia Morogoro kwa mwanawe, anatafutwa mtu wa kuandika mihtasari. Jirani yangu, ambaye nitamkumbuka kwa hili, akaropoka kazi niliyokuwa nikifanya. Vichwa vyote vikanigeukia. Nikaweka komwe moja mezani, nikasema hapana. Nikabakiwa na mbili.