ThinkPad X220: laptopu ya kazi ya mwaka 2011 ambayo fundi bado anaipenda

X220 ilipotoka mwaka 2011 ililengwa kwa makampuni yanayonunua laptopu kwa mamia, yakazigawa kwa wafanyakazi, kisha yakaziuza baada ya miaka michache. Lengo hilo linaeleza karibu kila kizuri kilichomo ndani yake. Fundi wa kampuni hana muda wa kubandua gundi. Anataka afungue, atoe kilichoharibika, aweke kipya na kurudisha mashine kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Mnunuzi wa mitumba wa leo anafaidi kazi iliyofanywa kwa ajili ya fundi huyo, na hii ndiyo sababu tunaipa X220 alama za juu kuliko laptopu nyingi zilizokuja baada yake.

Sura yake haikuzaliwa mwaka huo. ThinkPad ya kwanza yenye umbo hili ilitolewa na IBM mwaka 1992, na mbunifu wake, Mjerumani Richard Sapper, alichukua wazo kutoka kwa bento, kisanduku cheusi cha chakula cha Wajapani: nje hakina mbwembwe, ukikifungua ndipo unapoona kilichomo. Lenovo ilipochukua kitengo cha kompyuta cha IBM mwaka 2005, umbo halikuguswa. Rangi nyeusi isiyong'aa, kingo zilizonyooka, bawaba za chuma zinazolaza kioo mpaka kikalingana na meza. Umbo lisilofuata mtindo wa msimu halina msimu wa kupitwa nao.

Kibodi ndiyo hasa inayowafanya watu waitafute mashine hii. Ina safu saba za vitufe, na X220 ni ya kizazi cha mwisho cha familia yake kutoka kiwandani ikiwa nazo. Kila kitufe kina bonde dogo linalopokea ncha ya kidole, na kinashuka vya kutosha kukujulisha kwamba herufi imeandikwa bila kuangalia kioo. Esc na Delete zimefanywa kubwa mara mbili kwa sababu hutumika sana. Vitufe vya F vimepangwa vinne vinne na nafasi katikati, hivyo kidole kinaijua F5 gizani. Home, End, PgUp na PgDn zina mahali pake juu kulia, wala huhitaji kushikilia Fn kuzipata. Ukitaka mwanga, Fn na PgUp huwasha kitaa kidogo kilicho juu ya kioo, nacho humulika kibodi nzima. Mwanga huo unamulika hata karatasi iliyowekwa juu ya vitufe, kazi ambayo taa za chini ya kibodi haziwezi.

Kinundu chekundu cha TrackPoint, katikati ya G, H na B, kinaendesha kishale bila mikono kuhama. Kishale kikianza kutembea chenyewe, usikimbilie kununua kibodi. Ondoa kidole sekunde chache, kijisawazishe. Kofia ya mpira ikilainika na kuteleza, ivute juu uweke nyingine. Zipo za aina tatu, na ile yenye ukingo ulioinuka na shimo katikati inachosha kidole kidogo kuliko zote. Tachipedi yenyewe ni ndogo na ngozi yake ina vipele. Hatuipendi, na wengi huizima kabisa.

Sasa tuifungue. Chomoa chaja, sukuma kufuli mbili za betri, betri itoke. Chini ya mashine kila skrubu ina alama ndogo pembeni inayoonyesha inashika kitu gani. Fungua zenye alama ya kibodi, geuza mashine, sukuma kibodi kuelekea kioo kwa milimita chache, kisha inua ukingo wa mbele. Inua polepole, kwa sababu waya wake bapa umechomekwa chini na ukiuvuta kwa nguvu utang'oa soketi kwenye mazabodi. Kazi nzima ni ya dakika chache na bisibisi moja ya nyota. Karibu kila kifaa kina namba yake ya FRU, yaani namba ya kuagizia kipuri chake, iliyobandikwa juu yake, na mwongozo wa matengenezo ulitolewa bure na mtengenezaji, hatua kwa hatua. Laptopu nyingi za leo hazikupi hata nusu ya hayo.

Kuiongezea nguvu ni rahisi pia. RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, iko chini ya kifuniko kimoja: nafasi mbili za aina ya DDR3. Karatasi rasmi zinasema mwisho ni GB 8, lakini vijiti viwili vya GB 8 hufanya kazi bila tatizo. Diski inatoka ubavuni kwa skrubu moja. Nunua SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, maana ya milimita 9.5 haiingii pamoja na reli zake za mpira. Ndani kuna tundu dogo liitwalo mSATA kwa SSD ya pili, ila lina kasi ya gigabiti 3 kwa sekunde wakati tundu kuu lina 6. Mfumo endeshi uuweke kwenye tundu kuu.

Kasoro zipo. Kubwa ni kioo: inchi 12.5, pikseli 1366 kwa 768, na vingi ni vya TN, aina ya kioo ambayo rangi hugeuka ukiinua kichwa kidogo. Tafuta cha IPS, aina ambayo rangi hazigeuki hivyo, hata kama utalipa zaidi. Pili ni video. Grafiki zake, Intel HD 3000, zinafungua video za muundo wa H.264 lakini si za miundo mipya ya VP9 wala AV1, hivyo video za mtandaoni huibebesha prosesa mzigo wote na feni hulia. Nyongeza ya kivinjari inayolazimisha H.264 hupunguza tatizo. Tatu, BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, inakataa kadi ya Wai-Fai isiyo kwenye orodha yake na kukutolea kosa 1802. Kuna USB 3.0 kwenye zenye prosesa ya i7 tu. Windows 11 haikubali rasmi prosesa hii, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mpango wa busara ni Linux, mfumo endeshi wa bure, ambayo hapa inafanya kazi vizuri sana.

Kabla ya kulipa, iwashe na ubonyeze F1 kuingia kwenye BIOS. Ikidai nywila ya msimamizi ambayo muuzaji hana, iache. Nywila hiyo imehifadhiwa kwenye chipu ya peke yake, hivyo kung'oa betri ndogo ya saa hakuifuti. Kosa 0271, kwa upande mwingine, lisikutishe: ni tarehe tu imepotea, mara nyingi kwa sababu betri hiyo ndogo imekufa. Ujumbe wa "Fan error" ni jambo jingine. Mashine itajizima, na kubadili feni pamoja na pesti ya kupitisha joto la prosesa ndiyo kazi ndefu kuliko zote kwenye X220. Bei ilingane na kazi hiyo.

Anayeona inchi 12.5 ni ndogo achukue T420 ya mwaka huo huo. Ina kibodi ile ile, kioo cha inchi 14 kinachopatikana hadi 1600 kwa 900, na prosesa yake iko kwenye soketi, inabadilishwa, wakati ya X220 imeunganishwa moja kwa moja na mazabodi. X230 ya mwaka 2012 ina kasi zaidi na USB 3.0 kwenye zote, lakini kibodi yake ni ya safu sita yenye vitufe bapa, na BIOS yake hukataa kuchaji betri isiyo halisi. Ukiitaka hiyo, anza kwa kuuliza habari za betri.